Ndago ya Baba

Mwenzangu, kama una nafasi kaa hapa nikueleze, maana nisipomweleza mtu leo nitapasuka.

Juzi asubuhi nimekaa barazani kwetu hapa Nyasubi nachambua dagaa, mjukuu wangu wa kike akashuka kwenye pikipiki amekumbatia chungu cheupe cha plastiki. "Bibi, fumba macho," ananiambia. Nikafumba. Kufumbua, mbele yangu kuna majani. Vijiti vya kijani vimesimama wima, na kila kimoja juu kimetawanya majani membamba pande zote, mwavuli uliogugunwa na panya. "Ni ua la kupamba nyumba," anasema, "siku hizi kila mtu analo." Nilikishika kijiti kimoja, nikakizungusha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikakataa kuviringika. Kilikuwa na pembe tatu.

"Hii ni ndago," nikamwambia. "Umeingia dukani na akili zako timamu, ukanunua ndago."

Akacheka. Akasema bibi una vituko. Halafu, bila hata aibu, akaniambia kwa kuwa yeye anashinda kazini, mimi ndiye nitakayeimwagilia, asubuhi na jioni, na udongo usikauke. Mimi! Nina miaka themanini na ushee, magoti yamegoma kukunja, na zamu yangu ya kumwagilia ndago niliimaliza kabla mama yake hajazaliwa, kabla hata nchi hii haijapandisha bendera yake. Niliacha dagaa kwenye ungo nikaingia ndani kulala, na sikulala.

Labda wewe umekulia mjini, ndago huijui. Kwetu kulikuwa kijijini, upande wa Samuye, udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo ule ulipasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa, na mvua ikinyesha uling'ang'ania jembe usiliachie. Katika udongo huo pamba iliota kwa kubembelezwa, mtama uliota kwa kuombewa, na ndago iliota yenyewe. Unaing'oa leo, huko chini imeacha vinundu vyeusi, na kila kinundu kina hesabu zake. Ukikikata kwa jembe umepanda viwili. Bibi yangu mzaa baba alikuwa haiiti ndago, alikuwa anaiita "yule mwizi". Hata ikishang'olewa haikuachwa shambani. Ilizolewa kwa ungo mpaka njia ya ng'ombe, ikamwagwa katikati ya njia ikanyagwe na kukaushwa na jua, na kijiji kizima kilifanya hivyo. Mtoto aliyeacha ndago moja kwenye tuta alikula bakora kabla ya ugali.

Sasa, katika kijiji hicho, baba yangu mzazi alileta ndago nyumbani kwa baiskeli.

Baba alikuwa mtunza bustani kule Mwadui, kwenye nyumba za Wazungu wa mgodini. Baba za wenzangu walichimba na kusukuma magari ya mchanga, wa kwangu alikata majani na kupanga maua mistari. Wiki nzima alilala kambini, Jumamosi jioni alifika nyumbani, na sisi watoto tulisikia kengele yake kutoka kwenye kona ya uzio wa minyaa tukakimbia kumpokea, kwa sababu kwenye kapu la baiskeli hapakosi sukari, sabuni ya mche, wakati mwingine mkate umebonyea. Jumamosi hiyo ninayoisema ilikuwa mwezi wa nane, vumbi limejaa hewani. Tukachungulia kapuni. Ndani kulikuwa na gunia bichi, na ndani ya gunia kulikuwa na majani.

Alitueleza akiwa bado amesimama, hajanywa hata maji. Mama wa Kizungu aliyekuwa anamfanyia kazi anakwenda likizo kwao, safari ya meli, atakaa miezi minane. Nyumbani kwake atakaa bwana mmoja asiye na mke, mwenye mbwa wawili wanaofukua kila kilichopandwa. Mmea huu ndio anaoupenda kuliko yote, uliletwa kwake kutoka mbali. Basi amempa baba autunze, akamwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Wewe angalia hii vizuri. Mimi rudi, mimi taka ona." Baba aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Miezi hiyo minane yeye mwenyewe angepelekwa kwenye genge la kufyeka barabara, na mama huyo akirudi ndipo arudishwe bustanini. Na kichwani mwake baba alishaunganisha mambo. Mmea ukiwa hai, kazi ya bustani ipo. Mmea ukifa, harudi bustanini, na kufyeka barabara ni kibarua cha leo upo kesho haupo, kwa hiyo atarudi kushika jembe la pamba pamoja nasi, na sukari na sare yangu ya shule ndiyo kwaheri.

Pale getini, alisema, askari aliutoa mmea kwenye kopo lake. Mgodi wa almasi, mtu hatoki na udongo, hata matope ya viatu unakung'uta. Askari akaukung'uta mzizi, akautumbukiza kwenye ndoo, akaupekua unyuzi mmoja mmoja kwa vidole, udongo wote ukabaki kwenye ndoo. Mmea ulifika kwetu uchi.

Bibi akasogea karibu. Akanyoosha mkono, akachukua kijiti, akakizungusha kati ya vidole, hivi nilivyofanya mimi juzi, maana ni yeye aliyenifundisha. Akakigusa tena kwa ukucha.

"Pembe tatu," akasema. "Mwanangu, hii ndago."

"Mama, hili ni ua."

"Yaya," bibi akasema, na kwa Kisukuma hiyo ni hapana ambayo haina rufaa. "Ndago ikiwa ndefu ni ndago ndefu."

Baba hakubishana na mama yake. Alichukua beseni bovu, akalifukia mpaka ukingoni kule mwisho wa ua, pale ua unapokutana na shamba letu la pamba, akajaza udongo wa mtoni, akaipanda. Halafu akaniita. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nina miaka kumi. Akaniambia masharti, na mpaka leo nayakumbuka kuliko amri kumi. Ndago hii inapenda miguu yake iwe majini. Beseni lisikauke hata siku moja. Maji ya kuogea yasimwagwe humo, sabuni itaiua. Maji ya kuoshea vyombo, hapana, yana chumvi. Maji masafi, debe moja kila asubuhi. "Kabula mwanangu," akasema, "nimekukabidhi."

Debe moja kila asubuhi! Hebu fikiria Shinyanga mwezi wa tisa. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Wewe ulikwenda gizagiza, ukafukua mchanga mpaka mkono unaishia begani, ukangoja maji yachujike, ukachota kwa kibuyu, kidogo kidogo, na nyuma yako kuna foleni ya wanawake wanaokohoa kukuharakisha. Debe la kwanza la nyumbani, kunywa na kupikia. Debe la pili la ndago. Sisi watoto tulikuwa tunaoga Jumamosi tu, tena kwa maji ya kopo, ili baba akifika atukute tunang'aa. Ndago ilioga kila siku. Niliyamwaga maji yale beseni likiyanywa, fyuu, na nilikuwa natamani kulia, na wakati mwingine nililia.

Na shule je? Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Kengele ya shule ilinikuta kila siku nikiwa njiani, miguu ina matope mpaka magotini. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa haki, aliwachapa wote sawasawa, lakini kwa wachelewaji alikuwa na adhabu yake maalumu. Unajua ilikuwa nini? Kung'oa ndago kwenye bustani ya shule. Hatua kumi kwa kumi, na vinundu vyake uje umwonyeshe kiganjani. Mwenzangu, nilikuwa namwagilia ndago alfajiri, nachelewa kwa sababu ya ndago, naadhibiwa kung'oa ndago. Siku moja nilijaribu kumweleza mwalimu. Akaniuliza, "Baba yako anapanda ndago?" Darasa zima likaangua kicheko. Akaniongezea hatua tano kwa kudanganya.

Baba yeye kila Jumamosi alianzia kwa ndago yake. Baiskeli aliiegemeza kwenye minyaa, akachuchumaa kwenye beseni, akaifuta vumbi jani kwa jani kwa kitambaa chake cha mfukoni. Vichwa vilivyozeeka alivikata. Alinionyesha jambo moja ambalo lilinishangaza, kwamba ukikata kichwa chake kilicho kibichi ukakitumbukiza majini juu chini, chini juu, majani ndani ya maji, kitaota mizizi na kuwa mmea mwingine. Aliyajua mambo mengi ya namna hiyo, na alipenda kuyasema polepole. Akimaliza ndipo alipotugeukia sisi. "Inaendelea vizuri," alisema, akanipapasa kichwa, pale pale debe linapokaa. Nilikuwa na upara wa ngata pale utosini, kidogo tu, nywele zimekatika. Alipapasa juu yake, akaenda kuomba maji ya kunywa.

Mvua zikaja. Asante Mungu. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili beseni lilijaa lenyewe, nikawahi shule, nikanenepa. Halafu mwezi wa kwanza mvua zikasimama, kama kawaida yake kwetu, jua likarudi na hasira, na Jumamosi ile baba akachungulia beseni, akaniita jina langu. Sikungoja amalize. Nilikwenda kuchukua debe.

Huo ndio ulikuwa wakati wa palizi ya pamba. Siku zile palizi hukufanya peke yako. Kijijini kulikuwa na kikundi cha kulima, watu kama ishirini, wake kwa waume, leo kwako kesho kwangu, na ngoma moja ikitangulia. Walijipanga mstari, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo, mwimbishaji akimsema mvivu kwa jina, na nyuma yao shamba linabaki jeusi safi. Malipo yao ni chakula. Siku yetu ilikuwa Jumanne. Mama aliamka kupika ugali wa mtama sufuria kwa sufuria, nsansa za karanga, ile mboga yetu ya majani yaliyokaushwa, na mbuzi mmoja alishaaga dunia. Bibi alikuwa anapepeta. Mimi shule nilikatazwa, nilikuwa wa maji, ya wapalizi, ya mama jikoni, na usisahau lile beseni.

Nilipotoka mtoni mara ya nne jua lilikuwa utosini. Mstari wa wapalizi ulikuwa umefika mwisho wa shamba, pale ua unapoanza. Wa pembeni kabisa alikuwa mama jirani, ambaye boma lake na letu yalitenganishwa na minyaa tu. Mwanamke mrefu, mikono mikavu, asiyecheka hovyo. Kila asubuhi nilikuwa namsalimu njiani, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, naye anaitikia bila kusimama. Sasa alikuwa amesimama. Ngoma ilikuwa inaendelea, wenzake wanageuka kuanza mstari mwingine, yeye amesimama kwenye beseni la baba, jembe mkononi, ananitazama jinsi maji yanavyonitiririka kutoka kwenye debe mpaka shingoni.

"Kabula," akaniambia. "Hii nayo ni ndago?"

"Ndiyo, mayu."

"Ing'olewe?"

Nilitazama jikoni. Mama amenipa mgongo. Bibi ungo unapanda na kushuka. Ningeweza kusema hiyo ni ya baba. Maneno manne tu. Yalikuwa tayari ulimini, nikafungua mdomo, nikasema, "Ing'oe."

Akapiga jembe mara mbili. Ya kwanza ilikata beseni lenyewe, ya pili ikaitoa ndago yote na mizizi yake. Akaitupa kwenye ungo pamoja na ndago nyingine, ungo ukaenda njiani, ukamwagwa. Nami nililishusha debe lile nikalimimina kwenye mtungi wa kunywa, na mtungi ule ukajaa mpaka ukingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu mwezi wa nane. Nikanywa kata mbili. Nilisikia raha, nisikudanganye. Nilisikia raha mpaka Ijumaa.

Jumamosi baba aliegemeza baiskeli kwenye minyaa. Alichuchumaa mahali pa beseni. Akakaa hivyo hivyo kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Mama akatoka akamwambia, kwa sauti ndogo, ni siku ya palizi, jirani ndiye aliyekuwa upande huo, amepitiwa, sote tulikuwa jikoni. Baba akanyanyuka, akaelekea kwa jirani, nami nikamfuata nyuma kwa sababu miguu yangu ilinipeleka, si kwamba nilitaka.

"Shemeji," baba akamwambia, "nani amesema ing'olewe?"

Mama jirani alikuwa anasuka mkeka. Alinyanyua macho, hakumtazama baba, alinitazama mimi, juu ya bega la baba. Akarudisha macho kwenye mkeka.

"Mimi, Baba Kabula. Jua lilikuwa kali. Nimeona pembe tatu, nikapiga jembe."

"Lakini wewe unaijua. Umeiona hapo tangu mwezi wa nane."

"Nimepitiwa."

Baba hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti, na bora angepaza. Alisema, "Haya. Asante kwa palizi." Akageuka. Nilingoja Mungu anipige na radi, hakunipiga.

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Baba alikwenda kwenye njia ya ng'ombe, akapiga magoti katika lundo la ndago, mwanamume mzima, na suruali yake ya Jumamosi, akaanza kuchambua. Watu walipita na mifugo wakamzunguka. Wengine walimsalimu, wengine walijiziba mdomo. Alhamisi ilikuwa imenyesha kimvua, lundo chini lilikuwa bichi, linanuka uvundo. Alishika kijiti hiki, kimekauka, akaweka kando. Kile, kimeliwa na mbuzi. "Kazi yangu, Kabula," akaniambia, sijui kama alijua nipo. "Atarudi atake kuona. Nitamwonyesha nini?" Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, vyote pamoja, nikapiga magoti upande wa pili nikaanza kutafuta.

Mimi ndiye niliyekiona. Kilikuwa nje ya lundo. Ng'ombe alikuwa amekanyaga kichwa kimoja, kikazama kwenye shimo la kwato lililojaa maji, juu chini, majani ndani, kama alivyonifundisha. Kilikuwa kibichi. Ningeweza kukifunika kwa mguu tu, hakuna ambaye angejua, debe lingekwisha siku ile ile. Nilikitoa nikampa.

Alikiweka kwenye kopo, kopo likakaa juu ya mtungi, ndani ya nyumba, mahali ambapo jembe la mtu halifiki. Baada ya wiki tatu kikatoa mizizi, halafu vijiti. Mwezi wa nne, tukiwa kwenye matope ya masika, habari zikaja kwamba mama wa Kizungu amerudi. Ndago ilikuwa na vijiti vitano, urefu wa mkono wangu. Baba aliifuta majani, akaifunga kwenye kapu, akaondoka Jumapili mchana badala ya jioni, kwa haraka. Nyumba nzima tulilala na roho juu wiki ile. Mama alisali. Bibi alisema kama Mzungu anamfukuza mtu kwa sababu ya ndago basi na amfukuze, lakini na yeye sikumsikia akikoroma.

Jumamosi kengele ikalia kwenye minyaa. Tukakimbia. Kwenye kapu kulikuwa na sukari. Kulikuwa na sabuni. Na kulikuwa na gunia bichi, na ndani yake ndago, uchi, imeoshwa mizizi.

Tulimngoja aseme. Alikunywa maji kwanza. Akasema yule mama alikuja na kapu zima la mizizi ya maua mapya kutoka kwao. Alimrudisha baba bustanini siku ile ile, kazi ipo, hakuna shida. Baba akamletea ndago yake barazani. Yule mama aliitazama, akasema, "Hii nini?" Baba akasema, ile yako, uliyonipa. Akasema, "Oo. Majani. Weka nje huko."

Basi. Miezi minane! Shingo yangu, upara wangu, hatua kumi kwa kumi za mwalimu, magoti ya baba kwenye lundo, na mwenyewe hata haikumbuki. Hivi watu wengine wakoje? Nilipiga kelele, kweli nilipiga kelele pale uani, mama akanishika mdomo. Baba hakuiweka nje huko. Aliifunga tena kwenye gunia, akapita tena getini, askari akaiosha tena.

"Sasa ni yetu," baba akasema, na unajua alifanya nini? Alitafuta beseni jingine bovu, akalifukia pale pale, akaipanda, akaniita. "Kabula. Debe." Niliimwagilia ndago ile mpaka nilipoolewa.

Na mama jirani? Baba hakumsalimu tena. Usidhani ni jambo dogo. Kwetu watu wakikutana njiani wanasalimiana mpaka ng'ombe na watoto wanaulizwa hali, na baba alipita mbele ya mlango wake akitazama mpini wa baiskeli. Mama jirani alipoezeka nyumba yake kijiji kizima kilibeba nyasi, baba hakubeba. Mimi niliyaona yote hayo. Kila mwaka niliahidi mwaka huu nitasema, na kila mwaka nilikuwa mkubwa zaidi na uongo ulikuwa mkubwa zaidi. Ningekuwa nimesema nikiwa na miaka kumi, ningepigwa siku moja yakaisha. Nilivyo mjinga.

Baba alifariki uhuru ukiwa umeshakuja, mimi nina watoto watatu. Nilipofika msibani alfajiri, ua ulikuwa tayari unafagiliwa. Mtu wa kwanza kufika alikuwa mama jirani. Alikuwa amezeeka, amepinda, ana ufagio na jembe lake, anaparura nyasi ili waombolezaji wapate pa kukaa. Nilisimama nikamtazama akiteremka na jembe mpaka mwisho wa ua. Alipofika kwenye beseni alilizunguka. Alipalilia pande zote, karibu kabisa, hakugusa hata jani.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Shikamoo, mayu. Siku ile ni mimi niliyesema ing'olewe."

"Marahaba. Si ndiyo, mimi niliyekuuliza."

"Kwa nini hukumwambia baba?"

Aliegemea jembe. "Kabula, wewe unafikiri nilikuwa kipofu? Ndago ya baba yako niliijua kuliko ndago zangu. Kila alfajiri nilikuwa nakusikia unapita na lile debe. Mtoto shingo imezama mabegani, kichwa kimetoka upara. Nikasema mimi hii nitaing'oa. Lakini si yangu, nikaona nikuulize kwanza."

"Ungemwambia hivyo."

"Nimwambie nini? Mtoto wake amechoka? Hilo mtu haambiwi na jirani, analiona." Akafuta jasho kwa kiganja. "Na kununa, acha anune kwangu. Mimi nilikuwa na nyumba yangu ya kurudi. Wewe ulikuwa unalala kwake."

Akaomba maji. Nikamletea kata. Alikunywa nusu, nusu akaimwaga kwenye beseni. "Leo siing'oi," akasema. "Leo hakuna mtoto wa kuibebea maji." Akaendelea kufagia.

Siku hizi hata nikienda kijijini siioni hiyo njia ya ng'ombe. Minyaa imekatwa, mto una pampu, palizi wanapuliza dawa mmoja mmoja na vitambaa puani, kimya kimya, ngoma sijui aliichukua nani. Beseni sikulikuta. Na hapa Nyasubi kila nyumba ina ukuta, juu ya ukuta vipande vya chupa. Jirani yangu wa kulia namjua kwa sauti ya geti lake. Ukianguka uani na ndoo atasikia ndoo.

Jana jioni nikaiendea ile ndago ya kununuliwa. Nilikuwa nimeapa siendi. Udongo umekauka, vidole vikaniambia, na masharti ya baba yakaanza kupita kichwani, moja moja. Nikachota maji kwenye kopo. Masafi, si ya vyombo. Nikainama, mkono mmoja kwenye ukuta, goti linalia.

Geti likafunguka. Mjukuu wangu alikuwa amerudi kutoka kazini, viatu mkononi, uso umechoka. Alisimama akanitazama. Nikasubiri aseme ua limependeza.

"Bibi," akasema, "umechoka. Lete hilo kopo, ukae."

Nikampa. Alimwaga vibaya, juu ya majani badala ya mizizini, maji yote yakaishia sakafuni, na nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu hilo. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshakaa.